Jogoo Aliyeitwa Hidrojeni

Sekela mwanangu,

Wewe na Bibi mmeteremka sokoni Mwanjelwa kununua blanketi, na kwa jinsi Bibi anavyochagua blanketi najua nina alasiri nzima peke yangu. Tranka lako liko hapa sakafuni, wazi. Sitakuandikia habari za ndoo, wala sweta, wala namna ya kukausha soksi huko Kilolo ambako ukungu haukimbii mapema. Hayo Bibi atakuambia kuanzia Uyole mpaka Ipogolo, na mkianza kupanda kwenda Kilolo atayarudia yote kana kwamba hajawahi kuyasema.

Mimi nataka kujibu ombi lako la jana.

Ulikuwa unamenya viazi. Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Hukuinua macho ulipouliza, "Mama, nikikuomba kitu utakasirika?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Naomba siku ya kuondoka uishie stendi. Shuleni nipelekwe na Bibi tu."

Nikauliza kwa nini. Ulikata jicho la kiazi taratibu sana, ukalitupa, ndipo ukajibu: "Ukiwepo sitaongea na mtu."

Bibi akaguna, "Mwee! Mtoto huyu!" akacheka, halafu akaniona uso, akarudi kwenye maharage yake haraka kama mtu aliyekumbuka kuna jiwe limempita. Mimi nikasema, "Tutaona." Unaijua "tutaona" yangu. Ni neno ninalolitumia nikitaka mtu aache kuniomba. Tena nilikuwa nimeshakata tiketi tatu, safu moja, wewe dirishani, mimi katikati.

Nikuambie ukweli: niliumia. Nilikwenda uani nikasimama karibu na tangi la maji, nikajiambia kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu hajui anachosema. Nikajiambia mama yeyote humpeleka mwanawe kidato cha kwanza, hukabidhi fomu, hutandika kitanda cha juu au cha chini, huzungumza na matroni. Nikajiambia mengi. Lakini nilipokuwa nimesimama pale kitu kingine kilianza kuinuka chini ya maumivu, nikakitambua baadaye usiku nikiwa kitandani. Kilikuwa ni fahari. Maana jibu lako lilikuwa sahihi, na mimi, niliyesomea kutafuta jibu la aina hiyo hiyo, lilinichukua miaka kulipata.

Kukueleza hilo, lazima nianze na jogoo.

Unamkumbuka yule jogoo wa fundi baiskeli wa Ipogolo, mwekundu, mwenye kucha ndefu, aliyekukimbiza mpaka ukapanda juu ya matofali ya Bibi? Mlimwita Hidrojeni. Ulidhani fundi alichagua tu jina la ajabu, kama watu wanavyowaita mbwa wao Simba au Polisi. Nusu ya habari hiyo hujawahi kuambiwa, kwa sababu ilinihusu mimi, na Bibi kwa upendo wake aliamua kuinyamazia.

Ulikuwa na miaka mitano nilipokwenda kusoma. Baba yako alikuwa barabarani na lori, Tunduma, Zambia, kurudi Dar, kama alivyo sasa ninapoandika. Kwa hiyo ulikaa kwa Bibi Ipogolo, kule Iringa, na mimi nikaenda nchi yenye baridi kuliko Makete, kusoma protini ya haragwe. Watu walicheka. Mjomba mmoja aliuliza kwa nini mtu apande ndege kufuata maharage wakati yamejaa Mbeya. Lakini mashine niliyoihitaji haikuwa Mbeya.

Ndani ya haragwe kuna protini ndogo ambayo huzuia chakula kisimeng'enywe vizuri. Ndiyo mojawapo ya sababu maharage yaliyoiva nusu yanamsumbua mtu tumboni. Ni protini sugu. Imejikunja na kujifunga yenyewe kama fundo la kamba ya mbuzi lililoloa. Nilitaka kujua fundo hilo huanza kulegea mahali gani, maana pale linapolegea ndipo moto wa jiko unapoweza kulishinda.

Sasa fundo halionekani kwa macho. Lakini protini ina hidrojeni nyingi, na zile zilizoshikana na nitrojeni zina tabia moja ninayoipenda mpaka leo: hubadilishana na hidrojeni za maji yanayoizunguka. Moja inatoka, moja ya maji inaingia mahali pake, na protini inabaki ile ile. Zilizo pembezoni hubadilishana upesi. Zilizofichwa ndani hungoja mpaka fundo lifunguke kidogo, ndipo maji yazifikie. Ukijua zipi zinabadilishana, umejua fundo linafunguka wapi.

Ugumu ni kwamba hidrojeni zote zinafanana. Iliyotoka na iliyoingia, utazitofautishaje? Nilipokupigia simu wakati ule, ukiwa na miaka saba, uliniuliza kazini nafanya nini, nami nikakueleza kwa kwaya. Sijui kama unakumbuka. Nilisema: fikiria pale kanisani kwenu Ipogolo kuna kwaya kubwa upande wa kushoto na kwaya ndogo upande wa kulia, na wote wamevaa joho la rangi moja. Katikati ya ibada waimbaji wanahama kutoka kwaya hii kwenda ile, na wewe huoni, unasikia sauti tu. Utajuaje kama wanahama? Unainyamazisha kwaya kubwa. Halafu unatega sikio upande wa kwaya ndogo. Kama sauti yake nayo inaanza kupungua, basi wale walionyamazishwa kule wamehamia huku, wamekuja na ukimya wao.

Ukasema, "Bibi hawezi kunyamazishwa." Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka mtu akafungua mlango kuona kuna nini.

Ndivyo tulivyofanya, isipokuwa kwaya kubwa ni maji. Unaweka protini yako ndani ya maji kwenye mrija mwembamba wa kioo, unaushusha ndani ya sumaku kubwa, mashine ya NMR, ambayo inasikiliza hidrojeni kwa mawimbi ya redio. Kila hidrojeni ina mlio wake kulingana na mahali ilipokaa. Kisha unapeleka wimbi dogo lenye mlio wa maji tu, unalishikilia hapo, mpaka maji yanashiba wimbi hilo na kunyamaza. Ndipo unasikiliza protini. Zinazofifia ndizo zinazobadilishana na maji. Nilikaa mbele ya skrini ile nikiwa na koti zito, nikawa naona vilele, kila kimoja mlio wa hidrojeni moja, vikipungua urefu, kimoja hivi, kingine hivi, na vingine vimesimama palepale kama milima ya Uporoto.

Na kimoja, ambacho nilijua ni cha hidrojeni iliyozikwa ndani kabisa, katikati ya fundo, kilififia.

Sekela, sikulala. Maana yake ilikuwa fundo linafunguka katikati, mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Asubuhi nilimpigia Bibi. Nilijaribu kumweleza kwa uangalifu, lakini furaha haina uangalifu. Nilimwambia, "Mama, nimeona hidrojeni inatoka ndani ya protini ya haragwe." Bibi akauliza, "Inatoka inakwenda wapi?" Nikasema inakwenda kwenye maji. Akasema, "Basi maharage hayatajaza tena watu gesi tumboni." Nikamwambia bado, lakini sikumkatalia kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata alimkamata jogoo, akamfunga miguu, akampeleka kanisani kutoa shukrani. Alisimama mbele ya usharika mzima, nawe ukiwa umeshika sketi yake, ingawa nadhani hukumbuki, akasema mwanawe ameona huko Ulaya hidrojeni ikitoka ndani ya haragwe. Naambiwa mchungaji alifikiri kidogo, kisha akasema tumshukuru Mungu kwa kila kinachotoka salama. Ibada ilipokwisha jogoo akapigwa mnada nje pamoja na maboga na mayai ya wengine, na fundi baiskeli akamchukua. Alikuwa amekusudia kumla. Lakini watoto wa mtaani walimfuata wakiimba "Hidrojeni! Hidrojeni!" mpaka akaona haya kumchinja.

Wakati jogoo anapewa jina Ipogolo, mimi nilikuwa nimekaa mbele ya profesa wangu, mwanamke mzee mwenye mkono mmoja unaotetemeka, nikimwonyesha kilele changu. Hakusifu. Aliuliza swali moja: "Umebadilisha maji?"

Sikuwa nimebadilisha.

Kulikuwa na mtego niliousoma vitabuni, na nikausahau kwa sababu nilipenda jibu langu. Ndani ya protini yenyewe zipo hidrojeni ambazo mlio wao unafanana na wa maji. Ukiyanyamazisha maji, unazinyamazisha na hizo bila kukusudia. Na hidrojeni iliyonyamazishwa huifanya ile iliyo karibu sana nayo ififie pia, bila yeyote kuhama mahali pake. Ni kama mama wa sauti ya pili asiyehama benchi, lakini aliyekaa bega kwa bega naye ameacha kuimba, naye taratibu anapoteza wimbo. Ukiwa mbali, vyote viwili vinasikika sawa. Ukimya uliohamia na ukimya wa jirani havitofautiani sikioni.

Njia ya kuvitofautisha ni hiyo aliyoniuliza. Unabadilisha maji. Unapunguza asidi, pH inapanda, na kama ni kubadilishana kweli kutakwenda kasi zaidi, na kilele kitashuka zaidi. Lakini ukimya wa jirani haujali maji ni ya namna gani. Nilirudi maabara, nikatengeneza mirija mingine, pH ya chini, ya kati, ya juu. Vilele vya pembezoni vilishuka kama ilivyopasa. Kile changu hakikutikisika. Kilififia kiasi kilekile katika kila maji. Hidrojeni ile haikuwa imetoka popote. Ilikuwa imekaa ndani ya fundo muda wote, imefifishwa na ile iliyokaa kando yake.

Nilimpigia Bibi tena. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haikutoka."

"Haikutoka, Mama."

"Sasa nikawaambie nini kanisani? Kwamba imebadili mawazo?"

"Usiwaambie kitu."

"Na jogoo je?"

Jogoo alikuwa ameshakuwa wa fundi baiskeli. Niliporudi nyumbani, baada ya kumaliza masomo yangu kwa jibu dogo kuliko nililolitangaza, nililala kwa Bibi majuma kadhaa, na kila alfajiri Hidrojeni aliwika juu ya ukuta wa fundi. Kila alfajiri nilikumbuka: umebadilisha maji?

Ungedhani baada ya hapo nisingelirudia kosa lile. Ndiyo sehemu ninayotaka ujue.

Nilikuchukua tukaja Mbeya. Ulikuwa na miaka tisa. Kwa Bibi ulikuwa mtoto wa kelele. Majirani walikuwa wanajua umeamka kwa kukusikia. Kanisani ulikaa na Bibi kwenye benchi la akina mama wa sauti ya pili, ukaimba nao, ukiburuza mwisho wa kila mstari kama Bibi anavyouburuza. Mbeya ukanyamaza. Nyumbani ulijibu ulichoulizwa. Kanisani ulisimama kando yangu, kitabu cha nyimbo mkononi, midomo imefungwa.

Nikasema ni mahali. Umetoka kwenye Kihehe na Kibena ukaingizwa kwenye Kinyakyusa na Kisafwa, umetolewa kwa Bibi, lazima unyamaze. Nikakuhamisha shule. Ulinyamaza huko pia. Nikasema ni usharika, nyimbo zinaimbwa kwa kasi tofauti. Tukahamia usharika mwingine, ule wa mbali, ambako wapo Wabena wengi. Tulikuwa tunaamka mapema zaidi kila Jumapili kwa ajili hiyo. Ulisimama kando yangu, midomo imefungwa. Baba yako aliporudi safari alinitazama jioni moja akasema, "Mwache mtoto atulie." Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimekubadilishia maji mara mbili, Sekela. Mara mbili, na ukimya wako haukutikisika hata kidogo, na mimi mwenye shahada ya jambo hilo sikuona nilichokuwa natazama.

Mpaka ile Jumapili niliyochelewa. Unaikumbuka? Gari lilikuwa limetuharibikia usiku Makambako nikitoka Iringa, nikakupigia simu kwa jirani ulikolala, nikakuambia utangulie na watoto wake. Nilifika ibada imeshaanza. Nilisimama mlangoni na vumbi langu, nikisubiri wimbo uishe ili niingie bila kusumbua watu. Nikasikia mtu anaburuza mwisho wa mstari. Nilidhani ni Bibi. Kwa sekunde moja nilidhani kabisa kwamba Bibi amekuja Mbeya bila kuniambia. Kisha nikakuona, benchi la tatu, kichwa juu, mdomo wazi kama mlango.

Sikuingia. Nilibaki palepale mpaka wimbo ukaisha, na uliofuata.

Aliyenyamaza kando yako wakati wote ule nilikuwa ni mimi. Mimi siimbi. Wewe hujawahi kuniuliza kwa nini, na nadhani ulifikiri ndivyo nilivyozaliwa. Sivyo, muulize Bibi, atakuambia nilikuwa naimba sauti ya pili mpaka nikitwanga. Kule nilikokwenda kulikuwa na kanisa zuri, lenye mabomba ya joto chini ya mabenchi, na nyimbo za lugha nisiyoijua. Jumapili za mwanzo nilikuwa natingisha midomo. Baadaye nikaacha kutingisha. Hakuna aliyenikataza. Yalikuwa ni maji tu, na mimi nilikuwa pembezoni, nikabadilishana nayo upesi. Nikarudi na ukimya huo nyumbani, nikauketisha kando yako, nikakutazama kila dakika nione kama una furaha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa upande wa pili. Uliniuliza, "Mama, mbona unakaa huko?" Nikasema, "Huku kuna hewa." Ulinitazama sana. Baada ya mwezi mmoja ulikuwa kwenye kwaya ya vijana. Hatukuzungumza juu yake. Nilidhani mimi tu ndiye ninayejua.

Kumbe unajua. Jana jioni, baada ya viazi, ulikuja ukasimama mlangoni kwangu ukasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi lakini hatengui neno lake, "Si kwamba sikutaki, Mama. Ukiwa karibu naangalia uso wako kwanza, ndipo nijue mimi naonaje." Kisha ukaenda kulala. Mimi nilihitaji sumaku ya tani kadhaa na profesa.

Nisikudanganye, sipendi sana kulinganisha watu na hidrojeni. Hidrojeni haina mama. Lakini nina akili moja tu na ndiyo hiyo ninayofikiria nayo.

Simu imelia nikaacha kuandika. Alikuwa Bi Mwanahawa, muuza mablanketi, yule ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na ambaye hajawahi kupunguzia mtu bei bila kumsimulia hilo kwanza. "Mama Sekela," anasema, "nimekupigia nikupe pole."

"Pole ya nini tena?"

"Ya mwanao. Amenikalia kooni hapa dukani. Nimemwambia blanketi hili ni zito, linafaa Kilolo. Ananiambia, 'Bi Mwanahawa, uzito huu ni wa vumbi, lipige kwanza tulione.' Mbele ya wateja wangu! Kisha ananiuliza kama babu yangu kule Bagamoyo naye alikuwa anauza vumbi."

Nyuma yake nilimsikia Bibi anacheka mpaka anakohoa, na sauti yako juu ya zote ikisema, "Sisemi ni baya, nasema bei yake si hiyo!"

"Umempunguzia?" nikauliza.

"Ningefanyaje? Nimempunguzia nikamwongezea na soksi. Huyu mtoto ni wako kweli? Mbona kwako nikija huwa amekaa kama mgeni?"

"Ni wangu," nikasema. Nimekata simu nikabaki nimeishika.

Ni wangu. Nimelirudia hapa peke yangu.

Basi kuhusu kesho. Huko Kilolo utakaa na wasichana wa kila mahali, na utabadilika. Utarudi likizo ya kwanza na maneno nisiyoyajua, na kicheko cha mtu mwingine, na pengine namna mpya ya kufunga kitambaa. Zamani ningeogopa. Ningekutazama nikitafuta kilichotoka. Sasa nakumbuka protini ile: ndivyo inavyoishi ndani ya maji, inatoa na kupokea mchana na usiku, na umbo lake ni lile lile. Sisemi uwe mwangalifu. Nasema sitakuwa mlangoni nakuhesabu.

Na kama siku moja utajiona umenyamaza, mahali popote, katikati ya watu wowote, usikimbilie kusema ni mahali pale. Wala usikimbilie kusema ni wewe. Tazama kwanza aliyekaa kando yako. Inawezekana ni mtu mwema anayekupenda sana. Sogea benchi moja. Usimchukie. Mimi ulisogea bila kunichukia, na sijui ulijifunzia wapi hilo, maana kwangu hukulipata.

Bibi hajakuambia, lakini ameshatoa jogoo mwingine. Alimtoa Jumapili ile ile majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipotoka, kabla hajapanda basi kuja huku. Alinipigia kwa hofu kidogo: "Usinikasirikie, najua hupendi shukrani za haraka." Nikamwambia safari hii simkatazi. Huyu wa pili hana haja ya kurudishwa. Nimekuona shule ya kwanza na ya pili, usharika huu na ule, ukiwa nami na usipokuwa nami, na leo nimekusikia Mwanjelwa kwa simu. Maji yote yameshabadilishwa. Hilo ni jibu, na naweza kulitangaza kwa profesa.

Nitaishia stendi. Nitakubebea tranka mpaka kwenye buti la basi, nitamwambia kondakta alilaze vizuri, nitakushika kichwa, basi. Sitapanda kuangalia viti. Ile tiketi ya katikati mpe Bibi aweke vikapu vyake, na wewe kaa dirishani kama ilivyopangwa. Ukifika, zungumza na msichana wa kwanza utakayemkuta, kabla ya kunitumia salamu. Salamu zinaweza kungoja.

Na Jumapili, Sekela, nitarudi kwenye benchi letu la zamani, lile la katikati, mahali ulipokuwa unasimama kushoto kwangu patakuwa wazi. Nitafungua kitabu. Sauti itakuwa na kutu na mistari nitaipoteza, na yule mama wa benchi la mbele mwenye kofia ya zambarau atageuka kuangalia ni nani. Ageuke tu. Nina majuma mengi mpaka likizo, na nataka ukirudi ukija kusimama kando yangu, ukute kuna anayeimba.

Nawasikia getini. Bibi analalamika juu ya kilima na wewe unamwigiza. Nitaiweka barua juu ya blanketi mara tu mtakapoliingiza trankani, uikute usiku huu ukifunga tranka.

Mama yako, wa sauti ya pili.